Mkimuua Mchawi, Ng'ombe Watapona?

Jumamosi mbili zilizopita kijana mmoja alitusomea hadithi kwenye kikao chetu cha waandishi. Huwa tunakutana orofani kwenye mkahawa mmoja karibu na Uganda Road. Chai yao ni ghali kidogo lakini hawatufukuzi. Hadithi ilikuwa ya kurasa 42. Kulikuwa na ufalme wenye jina nisiloweza kulitamka, ngome ya mawe, theluji, mfalme mzee anayekohoa, na ugonjwa. Huo ugonjwa, wacha niseme ukweli, ulikuwa umeandikwa vizuri hadi nikaona wivu. Unaanzia vidoleni. Vidole vinageuka majivu. Mama anamshika mtoto mkono amvushe kijito, na akifika ng'ambo anajikuta ameshika jivu la jikoni. Usiku jirani aliyezikwa jana anakuja kugonga dirisha mara tatu, na ukiitika tu, umeupata. Kijiji kinazimika, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mhudumu aliyekuja kutuongezea chai alisimama na birika mkononi akasahau kumimina.

Halafu tukafika ukurasa wa 36. Kumbe kuna mchawi. Anaishi mnarani ng'ambo ya mto, peke yake, na si mzaliwa wa pale. Shujaa anavuka mto, anapanda ngazi, anamchoma upanga, na papo hapo vidole vya wagonjwa wote vinarudi kuwa nyama. Kengele zinalia. Mwisho.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha nikafanya kosa la kusema nilichokuwa nikifikiri, na kikao kikaisha watu wakitafuta pesa za chai mifukoni bila kuangaliana. Naandika hapa kwa sababu pale sikumaliza. Na pia kwa sababu kijana yule si wa kwanza. Miaka hii michache nimesoma miswada mingi ya fantasia ya vijana wa hapa Eldoret na miji ya jirani, mingine kwa Kiswahili, mingine kwa Kiingereza, na karibu yote yenye ugonjwa huisha hivyo hivyo: kuna mtu mmoja nyuma ya ugonjwa, akifa yeye, ugonjwa unakufa. Nasema mwisho huo ni uongo. Si uongo kama vile joka ni uongo. Ni uongo wa aina ile inayotafuta mtu.

Tuelewane. Sina ugomvi na majini, wala na wafu wanaogonga madirisha. Kiswahili kina fantasia yake tangu zamani, na hata riwaya zetu nzito zimeacha ardhi zikaruka: Nagona ya Kezilahabi, Walenisi ya Katama Mkangi, Bina-Adamu! ya Wamitila. Wala sidai kwamba ugonjwa kwenye hadithi lazima uwe na bakteria. Edgar Allan Poe, mwaka 1842, aliandika hadithi fupi ya kifo chekundu kinachoingia kwenye jumba ambamo mwanamfalme na matajiri wenzake wamejifungia wakicheza dansi nchi ikifa nje. Ule ni ugonjwa wa kimiujiza waziwazi, unatembea na nguo mwilini. Lakini tazama anachofanya Poe: wageni wanapomrukia yule mgeni wamkamate, ndani ya nguo hamna mtu. Hakuna wa kuchomwa upanga. Hapo ndipo mwandishi wa kutisha anapotofautiana na mwandishi wa kubembeleza.

Nilipomwambia kijana hayo alinijibu, kwa heshima lakini kwa ukali, "Mwalimu, hii ni Ulaya ya Enzi za Kati. Si Kapsabet."

Haya. Twende Ulaya kwanza.

Tauni kubwa iliingia Ulaya mwaka 1347. Watu walikuwa hawajui viroboto wala panya wana habari gani na jambo hilo. Kijidudu chenyewe kilikuja kutambuliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894. Kwa hiyo wakatafuta mtu. Wakasema Wayahudi wametia sumu visimani. Mwaka 1348 Papa Clement wa Sita alitoa waraka akisema jambo ambalo mtoto wa darasa la nne angeliona: Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huo huo, na sehemu nyingine zisizo na Myahudi hata mmoja zinaangamia vilevile. Hawakumsikiza. Tarehe 14 Februari 1349, katika mji wa Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto. Na siku hiyo, sikilizeni vizuri, tauni ilikuwa haijafika Strasbourg. Waliuawa ili isije. Ikaja baadaye mwaka uo huo.

Sasa mwandishi wa Langas anapochukua Enzi za Kati, anachukua ngome, anachukua theluji ambayo hajawahi kuikanyaga, anachukua tauni, na bila kujua anachukua pia lile wazo la kisima na sumu, kwa sababu limeshonewa ndani ya nguo. Anaacha kitu kimoja tu: kwamba haikusaidia. Anaandika Strasbourg ambapo moto uliponya watu.

Baada ya hapo ndipo tuje Kapsabet.

Mimi mamangu ni wa Nandi, na kogo wangu alikuwa na hadithi ambazo alizisema jioni kwa sauti ya kawaida, na nyingine ambazo sauti ilishuka hadi tukasogea mekoni. Ya Kimnyole ilikuwa ya sauti ya chini. Kimnyole arap Turgat alikuwa orkoiyot wa Wanandi, yaani yule aliyeombwa baraka kabla ya vijana kwenda vitani, aliyesemekana kuiona kesho. Watu walimheshimu na walimwogopa kwa kiasi kilekile. Mwaka 1890 nchi ilikuwa imechoka. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na maradhi ya mifugo, na kulikuwa na uvamizi mmoja mkubwa alioubariki yeye, ambao wapiganaji wengi sana hawakurudi. Wazee wakakaa. Wakasema chanzo ni yeye. Wakampiga kwa rungu hadi akafa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nikamwuliza kogo, "Na ng'ombe walipona?"

Hakunijibu. Alinituma nikaangalie kama ndama wamefungiwa.

Nimekuja kupata jibu ukubwani, vitabuni, na jibu lenyewe ni la kutisha kuliko mnara wowote. Ng'ombe wa nchi hizi walikuwa ndio kwanza wanaanza kufa. Sotoka ilikuwa imeshaingia barani, Massawa, karibu na mwaka 1887, na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Hakuna mchawi, ni meli, na mizigo, na vita vya kutafuta koloni. Kutoka pale ikashuka Uhabeshi, ikashuka Bonde la Ufa. Kufikia 1891 ilikuwa imewafikia Wamaasai, ambao tayari walikuwa wamepigwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha ndui ikawafuata watu wenyewe. Wamaasai wana jina la kipindi kile, Emutai, maana yake kumalizwa. Kuna sehemu ambapo kati ya kila ng'ombe kumi walibaki mmoja au hawakubaki. Nyati pia walikufa, wamelala nyikani kama magogo. Mwaka 1897 ugonjwa ulikuwa umefika Rasi, mwisho kabisa wa bara.

Kwa hiyo jaribio lilifanyika, ndugu mwandishi. Mwisho wako wa ukurasa wa 36 ulijaribiwa na watu wenye akili timamu, watu wanaowapenda watoto wao na ng'ombe wao, mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Waliyeamini ndiye chanzo walimuua. Mbinguni hakukulia kengele.

Najua nitakayojibiwa hapa na watu wa nyumbani, maana nimeshajibiwa. Wataniambia: lakini Kimnyole alitabiri. Alisema atakuja nyoka wa chuma anayetema moshi, atoke maji ya mashariki anywe maji ya magharibi, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Alisema watajuta, na wageni wakaja wakachukua nchi. Mwanawe Koitalel Samoei aliongoza upinzani karibu miaka kumi, na tarehe 19 Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen akampiga risasi kwenye mkutano ulioitwa wa mapatano. Si laana hiyo?

Mimi sitabishana na anayeamini laana. Kogo aliamini na alikuwa mtu mzuri kuniliko. Nasema hivi tu. Hata ukiichukua hadithi ile pamoja na miujiza yake yote, pamoja na nyoka wa chuma, pamoja na laana, bado inasema kinyume cha hadithi ya mnara. Inasema kijiji kilimwua mtu asiyekuwa chanzo, na shida zikaendelea, na aliyekuwa akiiona kesho hayupo tena wa kuulizwa. Wazee wetu wenyewe, ambao tunawaita washirikina, walikuwa na ujasiri wa kuisimulia hadithi hiyo dhidi yao wenyewe, kwa sauti ya chini lakini waliisimulia. Sisi wenye kompyuta tunaogopa.

Na haikuishia kwa Kimnyole. Fikra ya kwamba kuna watu ambao wao wenyewe ni ugonjwa ikienda mbali hupata muhuri wa serikali. Mwana mwingine wa Kimnyole alikuwa amehamia kwa Wakipsigis, ukoo wa Talai ukakua kule. Mwaka 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha wale iliowaita malaiboni, na mamia ya Watalai, wanaume, wanawake, watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Hebu pima hiyo. Watu waliotuhumiwa kuharibu nchi kwa uganga walipelekwa mahali ambapo ugonjwa wa kweli ulikuwa ukiwasubiri. Walikufa kwa homa. Mwandishi wa fantasia akitafuta mnara, mnara ni huo, ila mfungwa na mwenye mnara wamebadilishana nafasi. Na Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 akaachiliwa 1964. Alikamatwa wakati serikali ilipopiga marufuku sherehe ya kukabidhiana rika, kipindi ambacho Wanandi walikuwa na hasira kwa sababu, pamoja na mambo mengine, karantini ya sotoka ilikuwa imewafungia soko la ng'ombe. Tazama sotoka inavyorudi tena ndani ya hadithi ya familia ile ile.

Basi iliishaje? Hapa ndipo nilipotaka kufika siku ile kabla mtu hajaanza kukunja karatasi zake.

Magonjwa mawili pekee ambayo binadamu amefaulu kuyafuta kabisa duniani ni ndui na sotoka. Na yote mawili yalikata roho kwetu. Mtu wa mwisho kupata ndui ya kawaida, si ile ya ajali ya maabara, alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Akapona. Baadaye alijitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio nchini kwake. Sotoka nayo, kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa mwaka 2001, kwa nyati, katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Mwaka 2011 FAO ikatangaza imekwisha.

Kilichoiua kilianzia Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, na wenzake walivikuza virusi vya sotoka ndani ya seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chupa hadi chupa, tena na tena, hadi vikasahau kuua lakini ng'ombe bado anavitambua. Mnaona utamu wa jambo hilo? Adui hakuchomwa upanga, alichoshwa hadi akasahau kazi yake. Lakini chanjo ile ilitaka baridi, na mfugaji yuko mahali ambapo hakuna barafu, hakuna barabara, na kuna bunduki. Ikabidi itengenezwe nyingine inayovumilia joto. Halafu, na hapa ndipo nywele zinanisimama, waliombeba yule mkombozi hadi mwisho hawakuwa madaktari. Walikuwa wafugaji wenyewe, wa Karamoja, wa nchi ya Waafar, waliofundishwa kuchanja wakatembea kwa miguu na chupa mifukoni, boma hadi boma, kwa watu ambao jana walikuwa maadui zao wa kuibiana ng'ombe.

Niambie wewe unayependa safari ya mashujaa wanaovuka milima na kitu kidogo kinachookoa dunia. Niambie kama hiyo siyo. Na weka miujiza ukitaka! Chupa iimbe usiku. Nyati wa mwisho azungumze. Lakini mtu lazima atembee, na lazima agonge kwenye boma la adui na afunguliwe.

Kinachonikera ni kwamba hatukuisikia. Mwaka 2011, huo huo ambao sotoka ilitangazwa kuisha, habari iliyojaa midomoni Afrika Mashariki yote ilikuwa ni kikombe cha Babu wa Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa kijijini Samunge akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wakenya walikodi magari wakaenda. Wapo walioacha dawa zao za kila siku. Siwacheki, mtu aliye na mgonjwa nyumbani hachekwi. Nasema tu kwamba tulikuwa na hadithi mbili mwaka mmoja, na tukaichagua ile yenye mtu mmoja. Tunapenda mtu mmoja. Mtu mmoja aliyeleta, mtu mmoja atakayeondoa.

Kijana alikuwa na hoja ya pili, na hii ni nzuri zaidi, kwa hiyo nitaitendea haki. Alisema, "Mwalimu, unataka tuandike hadithi za kunawa mikono." Watu walicheka, nami nilistahili. Wote tumezisoma hizo, zile za semina, ambapo Juma hataki kondomu, Juma anajuta, daktari anatoa hotuba ya kurasa tatu. Hapana. Hadithi ya semina na hadithi ya mnara ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinajua mkosaji kabla ya ukurasa wa kwanza. Ile inamlaumu mgonjwa, hii inamlaumu mgeni. Mimi nataka ile ya tatu, ambayo mwandishi mwenyewe anaingia akiwa hajui nani alaumiwe na inamuuma kutojua.

Hoja ya tatu ilitoka kwa mwanadada mmoja aliyekuwa kimya muda wote. "Lakini ni hadithi tu. Nani ameuawa na hadithi?"

Oktoba 2021, Marani huko Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa, wakisingiziwa kwamba wamemroga kijana. Waliowachoma hawakuwa wamesoma fantasia yoyote, nakubali. Hadithi haikuwashikisha kiberiti. Lakini walikuwa na hadithi vichwani, na hadithi ile ilikuwa na ukurasa wa 36.

Na hapa Eldoret hatuna haja ya kwenda Kisii. Sisi tuna neno madoadoa. Watu wazima wa hapa wanajua nazungumzia nini. Tangu siasa za vyama vingi zilivyoanza, jukwaani Bonde la Ufa limelinganishwa na mwili, na watu wa makabila mengine wakalinganishwa na madoa ya kuondolewa ili mwili uwe safi. Januari 2022, kwenye mkutano wa siasa mjini humu humu, neno hilo lilitamkwa tena na mnenaji akakamatwa. Watu walioshtuka walishtuka kwa sababu walikuwa na kumbukumbu. Doa ni nini? Ni dalili. Ni lugha ya ngozi, ya ugonjwa, ya upele. Ukishakubali kwamba jirani yako ni upele, hakuna aliyebaki wa kuonewa huruma, kuna tiba tu. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisani Kiambaa, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo ndani. Ni karibu sana na mjini. Ukipanda gari leo unafika kabla hujamaliza kuongea na simu.

Nitasema sasa kile ambacho sikukisema mkahawani.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi, na niliandika hadithi. Ilichapwa kwenye kijarida cha wanafunzi, nakala chache zilizobanwa kwa pini, sidhani kama watu hamsini waliisoma. Ilikuwa ya ufalme, na ukame, na ugonjwa unaofanya maziwa kuwa damu ndani ya kibuyu. Niliringia sana kile kibuyu. Na kulikuwa na mtu aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto miaka mingi iliyopita, akapewa kilima, akalima, akafanikiwa kuliko wenyeji. Ndiye aliyekuwa mchawi. Mwishoni wanakijiji wanapanda kilimani usiku, wanaichoma nyumba yake, na alfajiri mvua inanyesha na maziwa yanakuwa meupe. Niliandika mvua ile kwa ustadi. Rafiki yangu mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa wamenunua shamba huku miaka ya 1960, alinisaidia kuipiga chapa. Yeye ndiye aliyenitafutia kompyuta. Aliisoma yote. Alisema ni nzuri. Alirekebisha makosa yangu ya tahajia.

Miezi kama kumi na tano baadaye familia yake ililala kwenye hema uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wengine. Nyumba yao ilichomwa usiku. Ilikuwa juu ya mteremko.

Sisemi hadithi yangu ilifanya hivyo. Ningekuwa najisifu. Nasema kwamba sikumtafuta yule mgeni wa kilimani. Nilipofika mahali hadithi inapohitaji mkosaji, alikuwa ameshasimama pale, amevaa, tayari. Sikuumba chochote. Niliokota kitu ambacho kilikuwa kikizagaa hewani, nikakitia ngome na mvua, nikakirudisha hewani kikiwa kizuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya kama mwandishi, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikidhani naandika mambo ya mbali. Na sasa kila ninapoona mnara ng'ambo ya mto na mtu "si mzaliwa wa pale", sioni theluji. Naona mikono ya rafiki yangu kwenye kibodi.

Kwa hiyo ndiyo, nilipandisha sauti. Nilimwambia kijana hana haki ya ukurasa ule. Hilo nalirudisha; haki anayo. Lakini kama anataka mchawi afe, basi amwue ukurasa wa 20, na kurasa 22 zilizobaki atuonyeshe watu wakirudi nyumbani na upanga, wamechoka, wanacheka, na asubuhi mama anamwamsha mtoto na mkono unabaki jivu. Wafanye nini sasa? Wamtafute wa pili? Nani atakuwa wa kwanza kusema tulikosea, na atasemea wapi, na wataachaje kumrukia yeye? Hapo mwandishi mwenye kipaji kama chake ana kazi. Yule jirani aliyekufa anayegonga dirisha mara tatu, pengine hakuja kuua. Pengine alikuja kusema kitu na hakuna aliyewahi kumsikiliza.

Amenitumia ujumbe jana. Hatabadilisha mwisho. Anasema wasomaji wake wanataka kengele, na kwamba mimi nimezeeka. Ana mahali pa kuichapisha, na nadhani watu wataipenda.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu kusoma. Nilikuwa nimeandaa kitu kingine, lakini jana usiku nilishusha sanduku juu ya kabati, nikakuta nakala moja ya kijarida kile, pini zimeshika kutu. Nitaisoma ile, pamoja na mvua yake yote. Nimempigia simu yule rafiki, anaishi Nakuru siku hizi, nikamwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kikao huanza saa ngapi.